Kawa la Pindo Jekundu

Siku ya arusi kwa Mzee Mbarouk, Bi Mwanawema alikuwa amelala kitandani kageukia ukuta, masikio yake yote yako uani kwa watu. Nyumba ya Mbarouk haiko mbali na yake. Ukipiga chafya huku, kule wanakuombea rehema. Kwa hiyo alisikia kila kitu. Alisikia masufuria yakiburutwa, alisikia mwiko ukigongwa ukingoni, alisikia wanawake wakicheka kile kicheko cha jikoni ambacho hakichekwi mbele ya wanaume. Alinusa moshi akajua wametia kuni mbichi. Alitaka kuwaambia. Angemwambia nani, ukuta?

Na usije ukadhani huyu alikuwa bibi mvivu wa kulala watu wakipika. Kijiji chote cha Wawi kilikuwa hakiozi mtoto wala hakisomi hitima mpaka kwanza Bi Mwanawema aulizwe ana nafasi siku gani. Alikuwa mpishi wa shughuli tangu nywele zake nyeusi. Bokoboko lake, ngano iliyopigwa na nyama mpaka ikavutika, watu walilifuata kutoka mjini Chake wakijidai wamekuja kumpongeza bwana arusi. Leo arusi iko mlango wa pili, na hata wa kuja kumuuliza kiasi cha chumvi hakuna.

Adhuhuri iliposaliwa, akaingia Tatu, binti yake, mwalimu wa skuli ambaye ndiye aliyekuwa akikaa naye pamoja na wanawe. Mkononi ana sahani iliyofunikwa kawa.

"Mama, chakula kimeletwa. Amka ule kingali cha moto."

Mwanawema aligeuza kichwa kidogo tu. Kawa lilikuwa la ukili mweupe, pindo lake jekundu. Wawi ni mtu mmoja anayesuka kawa la namna ile, naye ni Bi Mwatum.

"Kuleni weye na wanao," akasema.

Tatu alifunua, akachota kwa vidole. "Mbona pilau hii haifanani na ya kwa Mbarouk? Nimepita pale sasa hivi, yao nyekundu. Mama, huyu Bi Mwatum..."

"N'shakwambia jina hilo silitaki humu ndani."

Tatu akaliacha hapo. Mtoto mtiifu yule, na utiifu wake ulikuja kutugharimu, utaona. Alikwenda akawalisha wanawe, akaosha sahani, akaja kuisukuma chini ya kitanda pamoja na nyengine. Mwanawema akabaki na ukuta wake. Mgongo ulikuwa umemkaza kutoka kiunoni mpaka chini ya mabega, hawezi kujigeuza. Alilia kwa upweke, lakini Tatu alipomuuliza analia nini, alijibu ni mgongo.

Basi tuurudie huo mgongo. Ulianza kwenye arusi nyengine, msimu wa karafuu uliopita. Sufuria kubwa la shughuli huepuliwa na watu wawili, mmoja sikio hili, mwengine sikio lile, na kwa miaka yote watu hao walikuwa Mwanawema na Mwatum. Walianza kuepua pamoja wakiwa wasichana. Hawakuwa na haja ya kupanga. Mwanawema alisema "Bismillahi," na hapo hapo sufuria lilikuwa juu, limenyooka, hata mchuzi hautingishiki. Siku ile Mwatum alikanyaga kifuu cha nazi, mguu ukamtoka, uzito wote ukamwangukia mwenziwe. Mwengine angeachia. Lakini watoto walikuwa wanacheza karibu na moto, na Mwanawema hakuachia. Alilitua sufuria taratibu mpaka chini, kisha akashindwa kuinuka.

Akapelekwa kwa daktari mmoja, akapigwa picha. Daktari yule, jina lake hakuna aliyelishika, aliinua picha kwenye mwanga akasema, "Uti wa mgongo umesagika huu, bibi. Usiiname, usinyanyue kitu. Ukicheza utalala moja kwa moja." Akaita mgonjwa mwengine. Yeye alikwenda kula chakula chake cha mchana, na neno lake likarudi Wawi pamoja na Mwanawema.

Na Wawi, mashaallah, ikatii. Tatu akamnyang'anya fagio, ndoo, mwiko, hata kisu cha kukatia vitunguu. Jirani wakija wanasema, "Pumzika, Bi. Usijisumbue." Wakati wa kuchambua karafuu, watu wanapokaa barazani kutenga karafuu na vikonyo vyake huku wakisengenya nusu ya kisiwa, yeye hakuitwa, maana kukaa kwenye jamvi kutamuumiza. Kwenye shughuli hakuitwa, maana ataona haya kukaa bure. Kila mtu alimhurumia kwa moyo safi. Wakamhurumia mpaka akabaki peke yake.

Na Mwatum hakuja. Hata siku ya kwanza, watu wanapokuja kutoa pole, Mwatum hakuonekana. Badala yake, kila penye shughuli, kawa lile la pindo jekundu lililetwa mlangoni na mjukuu wake, likakabidhiwa Tatu. Mwanawema alijua maana yake. Mwatum sasa ndiye mkubwa wa jiko, amekaa kwenye kibao cha Mwanawema, na anamtupia fungu la wagonjwa. Basi na akae nacho. Yeye alisema hatagusa hata punje, na hakugusa.

Ni Tatu huyo huyo aliyesikia kuwa hospitalini Chake kuna mtu wa mazoezi ya viungo. Mtu mwenyewe alikuwa msichana wa Kiunguja, Khairiya, anayesema kama anasoma taarifa ya habari. Alimlaza Mwanawema, akambonyeza, akamwonesha kuinua nyonga na kukunja magoti. Mwanawema pale aliyafanya yote. Nyumbani hakufanya hata moja, kwa kuwa kila akikunja goti alilisikia lile neno, umesagika, na aliona kama anaujua mlio utakaotoka siku ukivunjika. Khairiya akimuuliza, anajibu, "Nafanya, mwanangu." Uongo mtupu.

Siku moja Khairiya hakumlaza. Alikaa naye bega kwa bega kwenye benchi. "Leo mgongo siugusi, Bi. Nambie siku yako inakwendaje."

"Siku yangu?" Mwanawema alitafuta jibu. "Naamka. Nasali kwenye kiti. Tatu ananitilia chai, anakwenda skuli. Nalala. Anarudi, tunakula. Nasali, nalala."

"Na watu unaonana nao saa ngapi?"

"Watu gani?"

Khairiya hakuliandama hilo. Akauliza usingizi, akauliza anaogopa nini akiinama, kisha akauliza ni siku gani mgongo humuuma kuliko nyengine.

"Siku za shughuli," Mwanawema alisema, na neno lilikuwa limeshamtoka.

"Shughuli zinakufanyia nini?"

"Hazinifanyii kitu. Nalala zangu."

Msichana yule akasema, na hapa ndipo alipoharibu. "Bi, jeraha la siku ile lilishapona zamani. Hicho walichokiona kwenye picha ni uzee wa mifupa tu, hata wanaobeba magunia ya karafuu ukiwapiga picha wengi utawakuta nacho, na hawaumwi. Mwizi akikuvunjia mlango usiku mmoja, mwaka mzima hata upepo ukiusukuma unaruka kitandani. Mwizi hayupo, lakini kuruka unaruka kweli. Mwili wako unaruka hivyo. Na anayelala peke yake nyumbani huruka zaidi kuliko anayelala na wenzake."

"Kumbe mie nasingizia."

"Sikusema hivyo. Maumivu yako ya kweli."

"Umesema mgongo mzima, kichwa kibovu. Mie ntu mzima, sikuja hapa kuambiwa wazimu." Mwanawema akajifunga ukaya wake kichwani akatoka. Alikwenda mpaka barabarani hakushika ukuta, hakushika bega la Tatu. Hasira ilimbeba. Khairiya aliliona hilo kutoka dirishani, ila alikuwa na akili ya kutolisema.

Zilipita siku, Mwanawema hakurudi kule. Alasiri moja pakapigwa hodi, na nani? Khairiya, kaja na miguu yake mpaka Wawi, amebeba embe kwenye mkoba.

"Nimekuja kukutaka radhi, Bi. Nilisema kwa pupa. Nilikuwa naushughulikia mgongo wako kama mfupa uliookotwa njiani, usio na mwenyewe."

Mwanawema alikuwa na majibu tayari, makali. Lakini mgeni ni mgeni, na huyu alikuwa wa kwanza kwa muda mrefu aliyeingia chumbani asimwambie apumzike. Akamwambia akae.

Khairiya alitaka kuona anavyoinuka kitandani, anavyofika chooni, kitu gani ndani ya nyumba hakigusi tena. Kisha bila ya onyo, akadondosha kitambaa chake sakafuni. "Hebu niokotee, Bi. Taratibu tu. Mie niko hapa."

Mwanawema alishika ukingo wa kitanda, akashuka kidogo kidogo, jasho likimtoka. Hakuvunjika. Alikuwa bado huko chini, anashangaa kuwa yuko chini, alipomsikia msichana akiuliza, "Na hizi zote sahani za nani?"

Sahani zilikuwa zimejaa chini ya kitanda, safi, zimepangwa, na makawa yake juu, pindo jekundu kwa pindo jekundu.

"Za Mwatum," akasema. Na kwa kuwa alikuwa kwenye sakafu na hawezi kukimbia, akasema yote: sufuria, kifuu cha nazi, jiko alilorithiwa angali hai, na chakula cha sadaka.

"Lakini sahani mbona hazikurudishwa?"

"Sahani hairudishwi tupu."

"Hata kwetu Unguja hairudi tupu. Si mngetia alichopika Tatu?"

"Mie?" Mwanawema alichukizwa kweli. "Nimrudishie Mwatum kitu kilichopikwa na mkono mwengine, aone kuwa wangu umekufa? Bora zikae."

Khairiya akataka kucheka, akaacha. Alikaa naye pale chini. "Mie napanga chumba Chake, Bi. Nikitoka kazini napika kidogo, nakula huku natazama simu. Sahani yangu haijawahi kufunikwa na kawa la mtu." Akaliinua kawa moja, akaligeuza. "Basi zoezi lako ndilo hili. Yale ya nyonga yaache kwanza. Upike kitu kidogo, kwa mkono wako, urudishe sahani moja. Utaumwa, sikufichi. Ukiumwa kaa kwenye kibao, uvute pumzi, halafu endelea. Kuumwa si kuvunjika."

Alipotoka nje alizungumza na Tatu kwa muda. Mwanawema hakusikia maneno, alisikia kilio cha Tatu tu.

Lakini kuahidi na kufanya ni vitu viwili. Tatu alipomwona mama yake amekalia mbuzi, nazi mkononi, alisahau yote aliyoambiwa na Khairiya, kuwa amwachie. "Mama, nipe nikune mie. Ukianguka ntamwambia nini kaka Nassor huko Maskati? Daktari alisema."

"Daktari hatokula mkate huu. Ondoka kwenye mwanga wangu."

Alikuwa amechagua mkate wa kumimina, mchele, tui, sukari na iliki, kitu ambacho zamani alikipika huku anagombana na watu watatu. Sasa kizio cha kwanza cha nazi tu kilimtoa machozi. Kila akisukuma mkono, mgongo ulishika, na lile neno likaja. Aliacha, akavuta pumzi, akaendelea. Akaacha tena. Mchana wote uliishia kwenye mkate mmoja. Alipoutia makaa juu ya kifuniko na harufu ilipoanza kutoka, alikaa akaitazama ile kazi yake ndogo na akaona haya jinsi alivyofurahi.

Akaosha sahani iliyokuwa safi tayari, akatia mkate, akafunika kawa, akatoka peke yake.

Njia ya kwa Mwatum haikuwa ndefu, lakini jamani, watu. Karafuu zimeanikwa pembeni, kila jamvi lina mtu, na kila mtu ana huruma. "Bi Mwanawema, nani kakutoa nje?" "Rudi, Bi, nikupelekee mie hiyo sahani." Alishukuru kulia, alishukuru kushoto, akaibana sahani kifuani. Mgongo ulikuwa unawaka. Hofu kubwa zaidi ilikuwa ya ule mlango. Mwatum akiupokea mkate mlangoni, akasema ahsante na pole, akarudi ndani, basi. Hapo hakutakuwa na kitu chengine cha kusubiri duniani, na ataujua upweke wake kwa jina.

"Hodi."

"Nani?"

"Mie."

Ndani pakasikika mchakacho, mlango ukakawia. Alikaribia kuiweka sahani kizingitini aondoke. Kisha komeo likavutwa, na Mwatum akasimama mlangoni. Amekonda. Hakumtazama usoni, alilitazama kawa.

"Na nyengine ziko wapi?" akauliza.

"Nyengine nini?"

"Sahani zangu. Mwaka huu wote nala kwenye sinia. Ntu ukikasirika na ntu, unakasirika na sahani zake pia?"

Mwanawema alikuwa amejitayarisha kwa pole. Hili hakujitayarisha nalo. "Nani kakasirika? Weye ndo hukuja kunitazama."

"Nije na uso gani? N'liteleza mie, ukaumia weye." Mwatum sasa alimtazama. "Nkasema ntampelekea chakula. Sahani ikirudi na kitu ndani, ntajua kanisamehe, ntakwenda. Haikurudi. Nkapeleka nyengine. Nazo hazikurudi. Kila hodi nnayosikia natoka mbio, na si weye."

"Mie nlijua umekaa kwenye jiko langu, unanigaia pilau la arusi za watu."

"Pilau la arusi lipi?" Mwatum alishangaa kweli. "Mie tangu siku ile sijatia mguu jiko la shughuli. Niepue na nani? Muulize mwanao, muulize ntu yeyote. Nlikuwa nakupikia hapa hapa, kisufuria hiki, siku ambazo najua umelala kule unawasikia wenzio wanapika. Yaani mkono wangu hukuujua? Umri wote unanambia nazidisha mdalasini."

Mwanawema akamkumbuka Tatu na vidole vyake kwenye pilau, na jina alilomkatia mdomoni.

"Hukuonja," Mwatum akasema polepole.

"Sikuonja."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Tonge moja tu lingetosha. Yeye, ambaye kwa harufu alijua kuni mbichi, angeujua mdalasini ule gizani. Shughuli zote zile alikuwa kageukia ukuta, na mwenziwe huku kainamia kisufuria chake, kila mmoja peke yake, na vicheko vya watu viko kati yao. Hakuna kilichowahi kumuuma hivi, na hakikuwa mgongoni.

Mwatum alipokea sahani, akaifunua pale pale kizingitini, akamega, akatafuna bila haraka. "Iliki umezidisha," akasema.

Mwaka mzima hakuna aliyemkosoa kitu. Bi Mwanawema alilia mbele ya watu na karafuu zao, wala hakujali. "Naumwa, Mwatum," akasema.

"Najua. Ingia ukae."

Jikoni kisufuria kilikuwa motoni. Jioni ile kulikuwa na hitima kwa jirani, na Mwatum alikuwa amepika sehemu ya kupeleka kule kwenye nyumba ambayo hairudishi sahani. Harufu ilikuwa inaanza kubadilika.

"Kinaungua," Mwanawema akasema.

"Basi tukiepue." Kisufuria chenyewe hata mtoto angekinyanyua kwa mkono mmoja. Mwatum alishika tambara akalizungushia sikio la upande wake, jengine akamtupia mwenziwe. "Shika huko."

"Mgongo wangu, Mwatum."

"Chini n'shaangalia, hakuna kitu." Alikuwa amefagia. Alikuwa amefagia tangu aliposikia sauti mlangoni, ndiyo maana alichelewa kufungua. "Sema basi."

Mwanawema akakunja magoti, akashika. Alingoja kidogo mpaka pumzi imrudie.

"Bismillahi," akasema, na wakaepua.